Kaa Ndani Saa Nane Mchana

Ipo siku moja ambayo hunirudia kila ninaposikia bati likialika kwa jua, mwanangu. Ni siku niliyotoka sokoni mbio, nyanya zangu nimeziacha mezani bila hata kuzifunika, kwa sababu mtu wa baiskeli alikuja kuniambia mama yangu ameanguka. Siku hiyo nilifundishwa maana ya nyumba, na aliyenifundisha hakuwahi kukanyaga darasa. Lakini nikianzia hapo hutanielewa. Ngoja nianzie kwenye kiburi changu, maana ndiko mambo yalikoharibikia.

Mimi ni Mmeru wa mlimani. Nimezaliwa kule juu ambako unaamka asubuhi, ukungu umekaa mlangoni, na mpaka saa nne bado umevaa sweta. Kwetu madirisha ni madogo. Matundu ya hewa tunayaziba kwa matambara. Mti ukiota karibu na ukuta unakatwa, kwa sababu kivuli kwetu ni unyevu, na unyevu ni kikohozi cha watoto. Jua tunalitafuta. Nilikua nikijua kwamba nyumba nzuri ni ile inayoshika joto, basi, na hakuna aliyewahi kuniambia vingine.

Nilipofika miaka thelathini hivi nikapata kiwanja Terrat, kule bondeni nje ya mji wa Arusha. Siku hizi ukienda Terrat unakuta nyumba zimebanana, lakini wakati ule ilikuwa migunga na vumbi, nyumba moja hapa, nyingine kule. Mlima unauona vizuri kabisa kutoka pale, ila baridi yake imebaki hukohuko juu. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, anaonekana nyumbani kwa nadra, kwa hiyo ujenzi niliusimamia mimi mwenyewe. Na nilivyokuwa mjuaji! Jamani, nikijikumbuka nasikia aibu mpaka leo.

Upande wa magharibi wa kiwanja kulikuwa na migunga miwili mikubwa, imetanda. Niliikata wiki ya kwanza. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kiarusha ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao, akaja akasimama mpakani na fimbo yake, kichwa amenyoa, shanga zimejaa shingoni.

"Shikamoo Yeyo."

"Marahaba. Hii miti imekukosea nini?"

Nikamwambia mizizi itapasua msingi, na miba itatuchoma.

"Na jua la jioni utalizuia na nini?"

Nikacheka, mwanangu. Nikamcheka mtu mzima. "Jua la kuzuiwa tena, Yeyo? Sisi kwetu jua tunalitafuta kwa tochi!" Akanitazama, akasonya kidogo, akaenda zake kuangalia mbuzi.

Fundi naye alijaribu. Akasema tuinue kuta kidogo, tuache matundu pande zote mbili, hewa iingie huku itokee huku. Nikamkatalia katakata. Nilimwambia paa likae chini, matundu azibe kwa saruji, na dirisha la chumba kikubwa liangalie barabarani, ili wapitao waone pazia langu. Barabara ilikuwa magharibi. Fundi alikuwa mtu mpole, akafanya kama alivyoambiwa. Mtu mrefu akinyoosha mkono ndani ya ile nyumba aliligusa bati.

Tukahamia mwezi wa saba. Wewe unaijua Arusha mwezi wa saba, hata huko bondeni watu wanavaa makoti. Nyumba ikawa tamu! Ukifunga mlango jioni unajisikia umekumbatiwa. Nikajisifu kanisani, nikajisifu sokoni Kilombero nilikokuwa nauza mboga. Nikasema sasa naweza kumleta mama.

Mama yangu alikuwa mjane, mgonjwa wa moyo na presha. Miguu ilikuwa inavimba mpaka kandambili hazimwingii. Daktari wa mjini alishatuambia wazi kwamba huyu mama asikae mbali na hospitali, kila mwezi aonekane, na akizidiwa aletwe siku ileile. Kule kwetu mvua zikinyesha barabara inakuwa tope la kufika magotini. Mara ya mwisho alipozidiwa vijana walimbeba kwa kitanda mpaka lami, na walipofika tulidhani tumeshampoteza. Kwa hiyo elewa, mwanangu, kumleta Terrat haikuwa mambo ya fahari tu. Kukaa karibu na hospitali ndiko kulikuwa uhai wake.

Akaja na Biblia yake, kitabu cha nyimbo na masweta mawili. Nikamwonyesha chumba chake, kile chenye dirisha la barabarani. Akapapasa ukuta, akapapasa sakafu ya saruji kwa mguu, akasema, "Nzuri sana. Ina joto zuri." Sifa ya mama yangu! Nilitembea wiki nzima nimenyoosha shingo.

Mwezi wa kumi ukaingia, joto likaanza. Mwezi wa kumi na moja mvua zikatupumzisha kidogo. Mwezi wa kwanza, loo! Jua la mwezi wa kwanza Terrat halina mchezo. Lakini mimi nilijuaje? Nilikuwa natoka alfajiri kwenda sokoni, narudi jua limeshazama na upepo umeanza. Jumapili tulikuwa kanisani, kisha kwa ndugu. Ile nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, mchana sikuwahi kukaa ndani yake hata siku moja.

Mama ndiye aliyekaa. Na akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya, alitoka nje. Asubuhi alikaa upande wa magharibi wa nyumba, kwenye kivuli. Jua likipanda alisogeza kigoda, akizunguka nyumba taratibu akifuata kile kivuli chembamba cha ukuta. Saa saba hakikuwepo kivuli cha kutosha hata kuku. Alijifunika kanga kichwani akaendelea kukaa.

Watu wakaona. Na watu, unawajua. Siku moja baada ya kipindi cha akina mama kanisani, mwenzangu mmoja akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya huruma ile inayouma kuliko tusi, "Dada, mtaani wanasema unamfungia mama yako nje."

Damu ilinichemka. Mimi? Mimi niliyemjengea chumba? Nilirudi nyumbani nimevimba. Na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu ndilo kosa langu lenyewe. Sikumuuliza mama kwa nini anakaa nje. Sikumuuliza kabisa. Nilimwambia, "Mama, unaniaibisha. Mchana ukae ndani kama watu. Funga mlango upumzike." Nilimwamuru mama yangu mzazi, mgonjwa wa moyo, akae ndani ya tanuri, ili majirani wasiniseme.

Akasema, "Sawa, mwanangu." Akakaa.

Hazikupita wiki mbili akaniambia anataka kurudi mlimani. Akasema amekumbuka kahawa yake, amekumbuka migomba yake. Nikakasirika. Nikamwambia kahawa haitamtibu moyo, nikamwambia barabara ya kwetu itamuua, nikamwambia hana shukrani. Ndiyo, nilitamka. Alitazama chini, akanyooshanyoosha kanga magotini. Asubuhi yake nilimkuta ameshakunja masweta kwenye mfuko. Nikamwambia tutaongea jioni, nikaenda sokoni na hasira zangu.

Mchana huo ndipo mtu wa baiskeli alipokuja.

Nilimkuta mama nyumbani kwa Yeyo. Yeyo alikuwa bado na nyumba ya udongo na samadi, amekandika mwenyewe kama wanawake wa kwao wanavyofanya, paa la nyasi. Niliingia kutoka kwenye jua sikuona kitu, giza na ubaridi tu, mpaka macho yakazoea. Mama alikuwa amelala kwenye ngozi, kanga mbichi kifuani, mkwe wa Yeyo anamnywesha maji kidogo kidogo. Alikuwa amefumbua macho. Akaniona, akajaribu kutabasamu. Nilipiga magoti nikashika mguu wake.

Yeyo alieleza kwa kifupi. Alipita akitafuta mbuzi, akasikia kishindo ndani, akasukuma mlango, akamkuta mama sakafuni, akamwita mkwe wake wakambeba. Ameshamtuma mtu kufuata gari mjini limpeleke hospitali. Kisha akaniambia, "Wewe njoo."

Nikamfuata. Akanipeleka mpaka kwangu, akafungua mlango wa chumba cha mama.

"Ingia. Kaa pale anapokaa mama yako. Nitakuita gari likija."

"Yeyo, mama ni mgonjwa, siwezi..."

"Mama yako yuko na mtu. Kaa."

Akafunga mlango. Ilikuwa saa nane mchana.

Mwanangu, joto la jikoni nalijua, joto la shambani nalijua. Lile lilikuwa jingine. Lilinishukia utosini kutoka kwenye bati, likanisukuma kutoka ukutani, halikuwa na pa kutokea kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeziba pa kutokea. Bati lilialika, ta, ta, juu ya kichwa changu. Jua lilikuwa limeshaanza kuingia dirishani, lile dirisha la pazia. Nikagusa ukuta, ukanirudisha mkono. Nikanywa maji ya jagi yake, yalikuwa ya uvuguvugu, ungeweza kumwogeshea mtoto. Mezani palikuwa na mshumaa, umeinama wenyewe mpaka ncha imegusa meza. Chini ya mlango nikaona kanga nyingine imekunjwa, imelowa. Nikaelewa. Alikuwa anailowesha na kuilalia sakafuni, na pale penye uwazi wa mlango ndipo alipokuwa anaweka pua.

Nililia. Sikulia kwa joto. Nililia kwa sababu ya lile neno shukrani.

Yeyo alipofungua mlango nilikuwa nimelowa mwili mzima. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Hii nyumba ulimjengea nani?"

"Mama."

"Hapana. Mama yako anakaa humu mchana. Wewe umejenga nyumba ya usiku. Umechukua nyumba ya mlimani ukaileta huku bila kuiuliza kama inataka kuja." Kisha akaongeza, kwa ule ukali wake wenye huruma ndani, "Na ukanicheka."

Nikamwomba radhi palepale. Gari likafika, tukampeleka mama hospitali. Daktari akasema amepungukiwa maji na moyo umechoka, atapona, lakini joto lile likimpata mara ya pili yeye hatoi ahadi. Mama alilazwa siku sita. Na mimi katika hizo siku sita nilifunga meza yangu sokoni nikaanza kuibomoa nyumba yangu nzuri.

Yeyo alisimamia, na fimbo yake. Kwanza aliokota vumbi akaliachia hewani, asubuhi, mchana na jioni, akanionyesha upepo unakotoka. Unatoka mashariki. Fundi akarudi, safari hii nikafunga mdomo. Tukatoboa matundu juu ya ukuta wa mashariki na mengine juu ya ukuta wa magharibi, yakatazamana, tukayawekea wavu wa mbu. Tukang'oa bati, tukaongeza mistari miwili ya tofali juu ya kuta, tukalirudisha. Dirisha la barabarani tukaliziba nusu, tukafungua jingine mashariki. Fundi hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Nilimpikia vizuri siku zote hizo.

Mbao za dari sikuwa na uwezo nazo. Nikakumbuka magunia ya kahawa kule nyumbani, yamejaa stoo tangu baba afariki. Nikayaleta, tukayashona pamoja, tukayavuta na kuyapigilia kwenye boriti, tukayapaka chokaa iliyochanganywa na uji wa muhogo mpaka yakakauka yakawa magumu. Ukiangalia juu huoni bati tena. Juu ya paa lenyewe tukapaka chokaa nyeupe na gundi kidogo ya seremala. Kuna mtu alituambia tutie chumvi ishike zaidi, Yeyo akamuuliza kama anapenda bati lake liwe na kutu. Mvua huisafisha ile chokaa, kwa hiyo kila kiangazi unapanda unapaka upya. Ni kazi ya asubuhi moja.

Upande wa magharibi nilikokata migunga, niliomba msamaha kwa mtindo wangu. Nilipanda mwarobaini na mjohoro, lakini mti haukui kwa sababu wewe una haraka, basi huku nikisubiri nikasimamisha fito mbele ya ukuta nikapandisha mapasheni. Mwanzoni niliweka mikeka juu ya zile fito ili kivuli kipatikane mapema. Jiko la mkaa nikalitoa nje kibandani. Na Yeyo akanifundisha saa za madirisha. Jioni na alfajiri fungua kila kitu, hewa ya baridi iingie na ilale humo. Jua likikaza saa nne, funga mapazia ya upande wa jua, na kwenye dirisha la upepo tundika kanga uliyoilowesha maji. Pale Terrat hewa ni kavu, kanga mbichi dirishani inafanya kazi ambayo huwezi kuamini.

Siku mama alipotoka hospitali sikumpeleka chumbani. Niliingia mimi kwanza, saa nane mchana, nikafunga mlango, nikakaa robo saa. Joto lilikuwepo, nisikudanganye, mwezi wa kwanza ni mwezi wa kwanza. Lakini nilivuta pumzi. Ndipo nikamwita.

Jioni hiyo nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Akafikiri. "Ulikuwa unaifurahia mno," akasema. "Ningeanzaje?"

Hebu fikiri. Alikuwa tayari kurudi kwenye barabara itakayomuua, asiniharibie furaha ya bati.

Ule mfuko wenye masweta aliufungua mwenyewe, wala hatukuuzungumzia. Miaka ya kliniki ikaendelea, kila mwezi tunakwenda na kurudi. Nakumbuka siku moja kiangazi nilifunga meza mapema, nikafika nyumbani mchana. Nje hapakuwa na mtu. Kigoda hakikuwepo ukutani. Nikakimbia, nikasukuma mlango. Mama alikuwa amelala ndani, mapasheni yanacheza kwa upepo kwenye tundu la ukuta, na anakoroma. Nilikaa mlangoni nikamsikiliza akikoroma kama mtu anayesikiliza kwaya.

Sasa wewe, mwanangu. Juzi nilikwenda Moshono kumwona mjukuu wangu aliyejifungua. Amepanga chumba kwenye zile nyumba za mstari, bati chini, dirisha moja. Ana feni mbili zinapiga kelele, na kabla sijamaliza chai umeme wa luku, ule unaoulipia kabla ya kuutumia, ukakatika. Kile kichanga kikaanza kulia. Nikamwambia mwenye nyumba, kijana mwenye adabu tu, "Ingia hapa ukae nami mpaka saa tisa." Alikaa dakika kumi. Keshoye nikasikia fundi anatoboa ukuta. Feni si mbaya, sikukatazi. Lakini feni inapuliza hewa iliyomo, na kama iliyomo ni ya moto, unalipia moto.

Kwa hiyo ukipata kiwanja, hata cha hatua ishirini, usianze na rangi ya bati. Anza na vumbi mkononi, ujue upepo unatoka wapi. Mti ulioukuta upande wa jua la jioni uuache, au mwambie fundi auzunguke. Inua paa, tenganisha bati na kichwa cha mtu hata kwa magunia. Acha pa kuingilia hewa na pa kutokea. Kama umepanga na huruhusiwi kutoboa, bado kuna kanga mbichi, kuna mapasheni kwenye debe, kuna chokaa. Msikilize fundi, na msikilize jirani aliyekutangulia mahali hapo, hata kama hajasoma. Na mtu wa nyumbani kwako akianza kuzungukazunguka nje akifuata kivuli, usijiulize majirani watasemaje. Muulize yeye anajisikiaje, na ukiona anakuficha kwa kukupenda, ingia mwenyewe ukae alipokaa, saa nane mchana, mlango umefungwa.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe kiwanja na nguvu ya kukijenga, akupe jirani mkali kama Yeyo, na masikio ya kumsikia mapema kuliko mimi. Na akujalie siku moja urudi nyumbani mchana, jua linawaka, umkute mama yako amelala ndani.